Bima ya maisha: ada ya mume wangu ni mara nne ya yangu, hii ni haki kweli?

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie manake hapa nyumbani tumefika pabaya kwa sababu ya bima ya maisha, kitu ambacho mimi nilidhani kitatuletea amani.

Mimi nina miaka 36, mume wangu 41, watoto wawili, mkubwa ana 9 mdogo ana 4, na nyumba tunayoishi tunailipia mkopo, imebaki miaka 14 uishe. Mume ndo mwenye mshahara, mimi nilikuwa nafanya kazi nikaacha alipozaliwa huyu wa pili, sahivi niko nyumbani na watoto. Sasa kazini kwa mume kuna mwenzao alifariki ghafla na familia yake ikabaki haina pa kushika, ndo tukaanza kuongelea bima. Tukamwita wakala, akaja na laptopu yake akatuuliza maswali mengiii, uzito, presha, wazazi walifariki na umri gani, tunavuta, tunakunywa, yaani kila kitu.

Alipoleta bei ndo balaa likaanza. Bima ya miaka 20, fidia ileile kwa wote wawili, ada ya mume wangu ni kama mara nne ya yangu!! Mume akanuna, anasema huu ni wizi, yeye ndo anayeilisha familia alafu yeye ndo anaadhibiwa. Ni kweli anavuta sigara, pakiti moja inamtosha kama siku mbili, na ana presha ila anatumia dawa na vipimo viko vizuri. Mdogo wake aliposikia akamwambia asihangaike, aende kampuni nyingine ajaze kwamba havuti, nani atakuja kumhesabia sigara, na ameshamletea hadi fomu. Mimi naogopa lakini nikisema naonekana namtakia mabaya.

Alafu yule wakala alivyoona mume amekasirika akaja na ofa nyingine, bima ya maisha yote yenye akiba ndani, anasema huko tofauti yetu inakuwa ndogo na hela haipotei, ile ya miaka 20 ukimaliza mzima umeitupa. Mume kaipenda hiyo. Mimi nikiangalia ada zake naona bajeti yetu yote inaondoka. Tena kuna rafiki yangu, rika langu, fidia yake ni mara mbili ya niliyoandikiwa mimi ila ada yake imezidi yangu kidogo tu, hilo nalo limenichanganya.

Na la mwisho, mume anasema mimi hata sihitaji bima, sina mshahara, nikifa atalipwa fidia ya nini. Liliniuma, ila pia nikajiuliza labda ana hoja. Naomba unieleze hizi bei wanazipangaje, na sisi tufanye nini.

Mama wawili

---

Marahaba mdogo wangu, pole na hongera pia, manake wengi haya maongezi wanayakwepa mpaka siku yanapokuwa hayana faida tena.

Nianze na mumeo maana yeye ndo kakasirika. Mwambie ile bei haipimi thamani yake ndani ya nyumba, wala haimuadhibu mtu. Kampuni inajiuliza swali moja la kikavu sana: kati ya leo na mwisho wa mkataba, kuna uwezekano gani tukailipa hii fidia? Basi. Chukua watu 1,000 wa umri mmoja wenye afya inayofanana, kila mmoja kajikatia bima ya 100,000, pesa yoyote ile unayotumia wewe. Kumbukumbu za vifo zikionyesha katika watu kama hao wawili hufariki kwa mwaka, kampuni inajua italipa 200,000, ukigawa kwa watu 1,000 kila mmoja inabidi atoe 200, alafu juu yake wanaongeza gharama za ofisi, za wakala, faida, na kitu kidogo cha tahadhari endapo mwaka utakuwa mbaya kuliko walivyotegemea. Kama kundi lako ni la watu ambao wanafariki wanne badala ya wawili, 200 inakuwa 400. Maswali yote yale mengiii aliyokuuliza wakala ni ya kutafuta tu wewe unakaa kundi gani.

Kitu kinachovuta bei kuliko vyote ni umri, na hapa watu hawajui ni kwa ukali kiasi gani. Mwaka 1825 kuna Mwingereza anaitwa Benjamin Gompertz alionyesha kwamba kwa mtu mzima uwezekano wa kufa unapanda kwa kuzidishwa, sio kwa kuongezwa, na takwimu za leo zinaonyesha unajizidisha mara mbili kwa kila miaka kama 8 hivi. Kwa hiyo ile miaka mitano aliyokuzidi mumeo, ambayo kwenye ndoa hata hamuioni, kwenye hesabu za bima peke yake inaifanya hatari yake iwe kama mara moja na nusu ya yako. Na mtu anayekata bima akiwa na 41 mpaka afike 61, ule mwaka wake wa mwisho una hatari zaidi ya mara tano ya mwaka wa kwanza, lakini ada yake haibadiliki, ni ileile kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Maana yake miaka ya mwanzo unalipa zaidi ya inavyostahili, ile ziada inawekwa, inakuja kuziba miaka ya mbele ambayo unalipa pungufu. Ndo sababu bima ya miaka 30 ada yake kwa mwezi ni kubwa kuliko ya miaka 15 hata kama fidia ni moja, umenunua na ile miaka ya ghali.

Hii mbinu ya ada isiyobadilika ina hadithi yake, niiseme kidogo. London kulikuwa na chama cha bima kilichoanza 1706, kinaitwa Amicable, wanachama walikuwa wanachangia sawa bila kuangalia umri, ila mtu akishapita miaka 45 hawamtaki kabisa. Mwalimu mmoja wa hisabati, James Dodson, akakataliwa kwa sababu ya umri, akakaa chini akapiga hesabu kwamba hakuna haja ya kumkataa mtu, mpangie tu bei ya umri alionao siku anaingia, alafu ibaki hiyohiyo mpaka mwisho. Alifariki 1757 kabla hajaona matunda, lakini kampuni iliyotumia hesabu zake, Equitable, ilifunguliwa 1762, na mpaka leo bima za maisha karibu zote duniani zinafuata njia hiyo. Kwa hiyo kabla mumeo hajasema anaonewa, ajue kwamba enzi za bei moja kwa wote kilichokuwa kinafuata ni mlango kufungwa.

Sasa sigara. Hapa sitampaka mafuta. Kuna utafiti ulifuatilia madaktari wa Uingereza tangu 1951, ukaja kutoa matokeo ya miaka 50 mwaka 2004, wale walioendelea kuvuta walifariki wastani wa miaka 10 mapema kuliko ambao hawakuwahi kuvuta. Miaka 10 mdogo wangu! Kampuni ikiona hivyo inamhesabu mvutaji kama mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake, na ada ya mvutaji kuwa mara mbili ya asiyevuta, wakati mwingine kuzidi, ni jambo la kawaida kabisa. Na usidhani sigara chache zinasaidia kwenye bei, kampuni nyingi hazina kundi la "anavuta kidogo", ni unavuta au huvuti, na hata sigara za kielektroniki na zile bandiko za nikotini wengi wanaziingiza humohumo.

Ongeza na jinsia. Karibu kila nchi wanawake wanaishi muda mrefu kuliko wanaume, kwa hiyo ada yao huwa chini. Umoja wa Ulaya mahakama yao ilikataza hilo, hukumu ya 2011, ikaanza kutumika Desemba 21, 2012, huko mwanamke na mwanaume wa hali moja wanalipa sawa. Kwingine kwingi tofauti bado ipo, na kwenu inaonekana ipo.

Haya sasa zidisha. Mara moja na nusu kwa umri, mara mbili kwa sigara, tayari tuko mara tatu, weka na jinsia pale juu na labda kitu kidogo cha presha, mara nne hiyo hapo imefika. Hesabu yangu ni ya juujuu, wao wana majedwali yao, lakini unaona hakuna wizi hapo. Na katika vyote hivyo vitu, kimoja tu ndo kiko mikononi mwake.

Presha wala isiwape homa sana. Presha inayotibiwa, vipimo vinaeleweka na mtu anaenda kliniki, kampuni nyingi zinaiongezea kidogo na nyingine haziongezi chochote. Presha inayowatisha ni ile isiyofuatiliwa. Ila hapa kampuni zinatofautiana kweli, moja ina mkono mzito kwa presha, nyingine kwa uzito, nyingine inaangalia sana wazazi kama walipata ugonjwa wa moyo au saratani kabla ya miaka 60, nyingine inaangalia kazi, mtu anayepanda minara au kuchimba mgodi halipi sawa na anayekaa mezani. Kwa hiyo mtu mwenye presha kama yeye asikubali bei ya kampuni ya kwanza, achukue makadirio ya kampuni tatu hivi, kuomba bei sio kusaini.

Sasa ile fomu ya shemeji yako. Hapana. Tena hapana kubwa. Hawahitaji kumhesabia mtu sigara, wakitaka wanachukua mkojo au mate au damu wanapima kotinini, kitu ambacho mwili unakitengeneza kutokana na nikotini na kinabaki mwilini siku kadhaa baada ya sigara ya mwisho. Lakini hata tuseme hawakupima, akapita, mkafurahia ada ndogo. Ukaguzi wa kweli kwenye bima ya maisha mara nyingi unafanyika baada ya kifo, hasa mtu akifariki miaka miwili mitatu ya mwanzo. Hapo wanaomba faili la hospitali, na kwenye faili daktari kaandika kwa mkono wake "anavuta nusu pakiti kwa siku", kwa sababu mtu wa presha daktari lazima amuulize. Uingereza kwa mfano sheria yao ya 2012 inatofautisha, aliyekosea kwa kutokuwa makini fidia inaweza kupunguzwa kulingana na ada aliyotakiwa kulipa, ila aliyedanganya kwa kukusudia kampuni inaruhusiwa kukataa yote. Nchi nyingine zina sheria zao, zingine kali kuliko hiyo. Na angalia anayeumia ni nani: mumeo hatakuwepo kujitetea, shemeji hatakuwepo kwenye hilo dawati, utakuwepo wewe na watoto wawili mnaambiwa mkataba ulikuwa batili. Ada mliyookoa kwa kudanganya inakuwa ni ya kununulia karatasi.

Kuna njia halali ya kufika bei ya asiyevuta, ni kuacha. Kampuni nyingi zikiona miezi 12 bila nikotini ya aina yoyote zinakuhamishia kundi la wasiovuta, zingine zinataka muda zaidi. Na kwenye utafiti uleule niliokutajia, walioacha wakiwa na miaka kama 40 walirudisha karibu miaka 9 kati ya ile 10. Mumeo ana 41, yuko palepale. Ila asisubiri aache ndo akate bima! Hili ni kosa wengi wanafanya. Akate sasa kwa bei ya mvutaji, huku anapambana na sigara, akifikisha mwaka aombe kampuni ipitie upya ada yake, au atafute bima mpya ya bei nafuu na aiache ya zamani baada ya mpya kuanza kufanya kazi, sio kabla.

Nije kwa wakala na ile ofa yake ya maisha yote. Alichosema kuhusu tofauti kupungua ni kweli, ila sababu hakuwaambia. Bima ya miaka 20 swali lake ni je mtu atafariki ndani ya miaka hii 20, na hapo mvutaji wa 41 na mwanamke wa 36 asiyevuta wako mbali sana. Bima ya maisha yote haina hilo swali, kila mtu atakufa, fidia lazima italipwa, wanachobishana ni lini tu. Kwa hiyo tofauti yenu inafifia kwa sababu wote wawili mmepandishwa juu, yeye kapandishwa na wewe umepandishwa zaidi! Kwa fidia ileile ada ya maisha yote kuwa mara 5 mpaka 10 ya bima ya muda, yaani ya miaka maalum kama ile yenu ya 20, si ajabu hata kidogo. Mumeo anaona haki imetendeka, kumbe mmelipishwa wote.

Na hilo la "ukimaliza mzima umeitupa", jamani, tulitafakari vizuri. Kama ada ni ndogo ni kwa sababu wengi wanamaliza wazima na hela yao inaenda kwa familia za wachache ambao hawakumaliza, hapo ndo bima inapofanyia kazi yake. Zile zinazorudisha ada mwishoni zipo, ila wanakutoza zaidi kila mwezi, wanaizungusha hiyo nyongeza kwa miaka 20, alafu wanakurudishia ulichotoa kikiwa kimeshaliwa na mfumuko wa bei. Sisemi bima ya maisha yote haina kazi, mwenye mtoto mlemavu atakayehitaji kutunzwa maisha yote, au mwenye mali ambayo warithi watadaiwa kodi kubwa, huyo ina maana kwake. Kwenu nyie tegemezi wana tarehe ya kujitegemea na mkopo una tarehe ya kuisha, ya nini kulipia bima ya miaka ambayo hakuna anayekutegemea. Tena kuna hatari moja mawakala wengi hawaitaji: ada ikiwa nzito watu wanashindwa njiani, na ukivunja bima ya akiba miaka ya mwanzoni unachorudishiwa ni kidogo mno au hakuna, kwa sababu miaka hiyo sehemu kubwa ya hela imelipa kamisheni. Kamisheni ya wakala inatokana na ukubwa wa ada yako, sio ukubwa wa fidia. Simtuhumu mtu, ila ukijua hivyo unasikiliza ofa zake kwa sikio lingine.

Sasa tuje kwenye vile mnavyochagua wenyewe, maana mmehangaika sana na sigara na hapa ndo kuna nafasi kubwa ya kupunguza. Nani kawaambia wote wawili fidia iwe sawa? Nani kawaambia miaka iwe 20? Nahisi wakala kaandika namba za mviringo. Nyie mna mahitaji mawili ya umbo tofauti. Mkopo umebaki miaka 14 na deni linapungua kila mwezi, kwa hiyo kuna bima ambayo fidia yake inashuka kufuata deni, hiyo ni rahisi kuliko ya fidia isiyoshuka kwa sababu miaka ile mumeo anapokuwa na hatari zaidi ndo fidia inakuwa ndogo. Hiyo chukueni ya miaka 14 kwa ajili ya nyumba tu, na angalieni kwanza kama benki haijawawekea tayari kwenye mkopo, wengi wanalipia mara mbili bila kujua. Alafu ya pili kwa ajili ya maisha ya kila siku na shule, huyu mdogo ana 4, miaka 18 inamfikisha 22, inatosha.

Kiasi chake: kadirieni nyumba inahitaji kiasi gani kwa mwaka bila mumeo (toa mkopo, unajilipa kwa ile bima ya kwanza, na toa matumizi yake yeye mwenyewe), zidisha kwa miaka, alafu toa ambacho kitakuwepo: akiba yenu, mafao ya kazini, na kile ambacho wewe mwenyewe utaweza kuingiza ukirudi kazini, manake ulishawahi kufanya kazi na hutakaa bila kufanya miaka 18. Aulize ofisini kwao kama kuna bima ya kikundi ya wafanyakazi, wengi wanayo hawajui, na huko mara nyingi hawaulizi sigara wala presha kwa sababu bei inapangwa kwa kundi zima. Kwake yeye hiyo ni dhahabu. Ubaya wake akiacha kazi mara nyingi na bima inaishia hapo, kwa hiyo ipunguzeni kwenye fidia mnayohitaji ila msiitegemee peke yake. Mnaweza kukuta fidia mnayohitaji kweli ni ndogo kuliko aliyoandika wakala, au kubwa, ila itakuwa ni ya kwenu.

Na wewe. Mumeo akae aandike kwenye karatasi kila unachofanya kuanzia asubuhi mpaka watoto wanalala, alafu aweke bei ya kumlipa mtu mwingine akifanye: kulea, kupika, kufua, kupeleka na kurudisha shule, kukaa na mtoto akiumwa siku ambayo yeye ana kazi. Akimaliza aniambie tena fidia ni ya nini. Huna mshahara lakini ukiondoka gharama mpya zinaingia nyumbani siku inayofuata, na yeye huenda akalazimika kupunguza saa za kazi. Unahitaji bima ndogo kuliko yake, labda mpaka mdogo afike miaka 14 au 15 hivi ajiweze, na kwa umri wako na bila sigara ada yake itakuwa ndogo sana, ndo bima rahisi kuliko zote mtakazonunua. Kuna wanaotoa bima moja ya pamoja ya mke na mume, inalipa akifariki wa kwanza alafu inaisha, ni rahisi kidogo kuliko mbili, ila kwenu siipendi, mahitaji yenu hayafanani, na ikishalipa aliyebaki hana bima na umri umeshaenda.

Rafiki yako hajapendelewa. Kila mkataba una gharama ambazo hazitegemei ukubwa wa fidia, kufungua faili, kupima, karatasi, kukusanya ada, ziwe za fidia kubwa au ndogo ni zilezile, kwa hiyo fidia ikiongezeka mara mbili ada haiendi mara mbili, na kampuni nyingi zina ngazi, ukivuka kiasi fulani bei ya kila 1,000 ya fidia inashuka. Huenda pia analipa kwa mwaka mara moja, kulipa kila mwezi wengi wanakuongezea asilimia kadhaa. Huenda mkataba wake ni wa miaka 10. Muulize hivyo viwili kabla hujajilinganisha naye.

Nyongeza anazoziuza wakala zitazame moja moja maana kila moja ina bei yake na ukizirundika ada inavimba bila wewe kujua imevimba wapi. Ile ya fidia kuwa mara mbili kwa kifo cha ajali iacheni, mahitaji ya watoto hayawi mara mbili kwa sababu baba kagongwa na gari. Ile inayosamehe ada mtu akipata ulemavu asiweze kufanya kazi, hiyo mimi ningeilipia kwa mumeo, mshahara ni mmoja. Ya fidia kupanda kila mwaka kufuata mfumuko wa bei ni nzuri ila inapandisha na ada, kama bajeti inabana mnaweza kuanza na fidia kubwa kidogo badala yake.

Nyie anzeni na karatasi ya mahitaji kabla ya kumwita wakala yeyote, muwe na namba tatu: bima ya mkopo ya mumeo miaka 14, ya familia ya mumeo miaka 18, na ya kwako miaka kama 10. Mpeleke namba hizohizo kampuni tatu, za bima ya muda tu, majibu ya sigara na presha yakiwa ya kweli, na muombe bei ya mwezi na ya mwaka. Muulize kila kampuni inataka miezi mingapi bila nikotini ili ipunguze ada, na je inapitia upya mkataba uleule au lazima ukate mpya, jibu liwe kwa maandishi. Angalieni na tarehe ya kuzaliwa, kampuni nyingine zinahesabu umri wa siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi, kwa hizo mumeo akibakiza chini ya miezi 6 kufika 42 tayari ni mtu wa 42, kwa hiyo kama yuko karibu na hapo hilo karatasi liandikwe mwezi huu.